Nafasi za Daraja la Kwanza

Mama Bambo alichoma gunia chini kidogo ya mshono, akazungusha kiganja, akavuta. Mahindi yakateremka ndani ya chuma chembamba chenye ncha na mfereji na kumwagika kwenye sinia. Akachoma tena ubavuni, akachoma tena karibu na kitako. Hakuwa mtu wa kuchoma mara moja akaridhika. Wapo wajanja wanaoweka nafaka safi juu na uchafu chini, na ujanja huo yeye alikuwa ameshauona wa kila rangi.

"Zilizobunguliwa tatu," alisema, kidole kikitembea juu ya sinia. "Zilizovunjika tano. Iliyooza hakuna. Hili ni gunia zuri, baba."

Mwenye gunia, mwanamume mfupi aliyevaa gamboti kubwa kuliko miguu yake, akatabasamu na kuwageukia wenzake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, kama aliyetangaziwa ushindi. Tabasamu hilo lilidumu mpaka Mama Bambo alipomimina kikombe cha punje kwenye mashine na kubonyeza kitufe cha kijani.

Mashine ikakaa kimya kidogo, kisha ikaandika: 15.6.

"Unyevu umezidi. Mwisho ni kumi na tatu na nusu," alisema, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza. "Daraja la pili."

"Mama, mahindi haya nimeyaanika wiki tatu!"

"Naona."

"Sasa kama unaona?"

Mama Bambo aliandika kwenye kitabu, akachana nakala, akampa. Yule bwana akaikunja mara nne, akaitia mfukoni bila kuisoma, akaondoka huku gamboti zikimpiga visigino.

Bambo ndicho hicho chuma cha kuchomea magunia, na kwa kuwa yule mama alikuwa amekishika misimu kumi na tisa katika ghala lile lile, jina lilimganda. Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye karatasi za ajira tu, nazo zilikuwa karatasi za muda: kila msimu wa mavuno unapoanza anasaini mpya, kila msimu unapokwisha anarudishwa nyumbani. Kabla ya mashine kuja, kipimo cha unyevu kilikuwa yeye. Aliingiza mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akasikilizia ubaridi. Alinusa. Alitafuna punje moja: kavu hupasuka kwa mlio, mbichi hukubali jino kama mshumaa. Makao makuu walikuwa wakipima tena sampuli zake kwenye maabara yao, na katika miaka yote hiyo barua ya kumlaumu ilikuja mara mbili tu, moja ikiwa imekosewa ghala.

Mashine ilikuwa na wiki tatu. Meneja wa ghala aliileta mwenyewe kila asubuhi kutoka ofisini, akaiwasha mwenyewe, akairudisha mwenyewe jioni. "Wewe ni kitufe cha kijani tu, mama," alimwambia siku ya kwanza. "Hivyo vingine usiviguse. Kifaa cha gharama hiki." Tangu siku hiyo, katika kila magunia kumi, saba yalikuwa na unyevu. Mwaka wenyewe ulikuwa wa jua kali mpaka visima vimeonyesha matope.

Mpagazi mkuu wa ghala, jitu la mabega mapana lililoitwa Winchi, alilitua gunia la yule bwana kwenye rundo la daraja la pili. Rundo hilo lilikuwa limekaribia dari. La daraja la kwanza lilimfika kiunoni.

"Tukiendelea hivi, Mama Bambo, la pili tutalipanga nje," alisema akijipangusa shingo.

"Nje kuna mawingu."

"Si yana unyevu tayari? Mvua itayafanya nini?"

Waliokuwa mbele kwenye foleni wakacheka, kicheko cha watu wasio na raha. Mama Bambo hakucheka. Siku ile hakuwa na nafasi ya kucheka. Ofisini alikuwamo afisa kutoka makao makuu, kijana wa tai nyembamba, aliyekuja kuwapima wafanyakazi. Kila mmoja angeitwa, angeulizwa maswali, angepewa daraja. Atakayepata la kwanza angeajiriwa moja kwa moja. Ajira ya moja kwa moja ilikuja na kadi ya matibabu inayogusa mpaka wazazi, na mama yake Mama Bambo, mwenye sukari na presha, alikuwa amelala kitandani nyumbani akinywa nusu ya vidonge alivyoandikiwa ili vifike mwisho wa mwezi.

"Wewe umeshaingia?" alimuuliza Winchi kwa sauti ya chini.

"Asubuhi. Nimepata la tatu."

"La tatu? Wewe?"

"Eti nimeanguka kwenye uwezo wa kujieleza." Winchi aliinama akachukua gunia jingine, akalitupa begani kana kwamba ni mto wa kulalia. "Mimi nabeba magunia. Najieleza kwa nani? Kwa gunia?" Alipiga hatua mbili, akageuka na mzigo wake. "Nimefanya kazi kwenye mbao, wao wanahesabu vifundo. Nimebeba mayai, wanayamulika kwa taa. Nimebeba ngozi, wanatafuta kovu la kisu na tundu la kupe. La kwanza, la pili, la tatu. Nakwambia, mgongoni vyote vina uzito uleule."

Foleni ikasogea. Aliyefuata alikuwa mzee mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, miwani yenye mkono mmoja na uzi mahali pa mkono wa pili. Alikuwa na magunia saba yaliyoshonwa kwa mishono midogo iliyolingana. Mama Bambo aliinua macho, akamtambua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama." Mzee alimtazama kwa adabu ya mtu asiyemkumbuka anayemsalimu. Huenda wanafunzi wote wa zamani walimsalimu hivyo, naye aliwaitikia hivyo hivyo.

Mama Bambo alimkumbuka vizuri. Alikumbuka chaki nyuma ya sikio lake, na alivyotembea kati ya madawati akigonga kidole kwenye daftari la aliyekosea. Alikumbuka hasa siku moja, karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shule, mwandiko wa mwalimu huyu, na mbele ya jina lake neno moja: Hakufaulu. Baba yake, fundi baiskeli, alilisoma neno lile mara tatu akifikiri ni la mtoto mwingine. Miaka thelathini na sita ilikuwa imepita. Angeweza kuwa na cheti sasa. Angeweza kuwa mle ofisini, na tai yake.

Alichoma gunia la kwanza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alichoma mara tatu, akahamia la pili, mpaka yote saba. Aliyamwaga kwenye sinia akainama juu yake akitafuta kosa. Tuseme ukweli: alilitafuta kwa hamu. Hakuliona. Punje zilikuwa zimechaguliwa moja moja, safi, zinang'aa kama meno ya mtoto.

"Nani amechambua?"

"Mke wangu. Macho yake hayaoni mbali, lakini ya karibu anayaona yote." Mwalimu alikohoa. "Tunahitaji vocha ya mbolea, mama. Wanatoa kwa daraja la kwanza peke yake. Shamba limechoka. Bila mbolea mwakani sina cha kukuletea."

Mama Bambo aliingiza mkono guniani. Palikuwa na joto kavu, la jua lililokaa humo siku nyingi. Akatia punje mdomoni. Ikapasuka tah! mpaka mwalimu mwenyewe akasikia.

Akamimina kikombe. Akabonyeza kitufe cha kijani.

15.4.

Akamwaga, akamimina kutoka gunia jingine. 15.5. La tatu, 15.4.

"Haiwezekani," alisema.

"Mzee!" Dereva wa gari la mizigo alilokodi mwalimu alikuwa akipiga honi getini. "Tunakesha hapa? Nina safari nyingine mimi!"

Mama Bambo aliitazama mashine. Zamani angekasirikia mahindi, kwa kuwa mtu huwa anakasirikia kile asichokiogopa. Sasa hasira ilikuwa imemgeukia yeye mwenyewe. Wiki tatu nzima ulimi wake ulikuwa ukimwambia jambo moja na mdomo huohuo ukitamka jingine. Alifungua droo ya meza. Kwenye kona, chini ya karatasi za kaboni, kulikuwa na kijitabu kilichokuja na mashine, maandishi madogo ya lugha ya kigeni. Alikuwa amejaribu kukisoma siku ya kwanza akashindwa.

"Mwalimu, nisomee hapa."

Mzee alikaza uzi wa miwani, akakipeleka kijitabu usoni, akakirudisha nyuma, akapata umbali. Alisoma polepole, midomo ikitembea. "Hii inasema kila nafaka ina namba yake. Kabla ya kupima, chagua namba. Namba tatu, mahindi. Namba nne, mpunga. Namba tisa, maharage. Namba ya nafaka inaonekana juu, pembeni, kwenye kioo."

Wote wawili wakainama. Juu, pembeni, kwa tarakimu ndogo kama sisimizi, paliandikwa 9.

Winchi alikuwa ametua gunia na kusogea. Mama Bambo alinyoosha kidole kwenye kitufe asichoruhusiwa kukigusa, akabonyeza mpaka ile tisa ikawa tatu. Akamimina mahindi yale yale. Kitufe cha kijani.

12.7.

"Maharage!" Winchi alisema. "Wiki tatu tunapima maharage!"

Neno lilikimbia kwenye foleni kwa kasi kuliko moto kwenye nyasi kavu. Maharage. Anasema maharage. Mashine ya maharage. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake alisimama. Kelele zikaanza, na kelele zikamtoa meneja ofisini.

Alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, mwenye tabia ya kujipapasa mfuko wa shati kana kwamba kuna kitu kimepotea. Aliitazama mashine, akamtazama Mama Bambo, akajua.

"Mama, njoo ofisini."

"Bosi, mashine ilikuwa kwenye namba ya—"

"Njoo ofisini, nimesema."

Ofisini afisa wa tai nyembamba alikuwa akinywa chai, faili limefunguliwa mbele yake. Meneja hakumwomba atoke. Alifungua kabati, akatoa barua yenye mihuri miwili, akamwonyesha Mama Bambo mstari mmoja kwa ukucha.

Aliusoma. Ulisema kwamba kwa msimu huu, nafaka ya daraja la kwanza isizidi theluthi moja ya nafaka yote itakayopokelewa katika kila ghala.

"Hawa hawajui kwamba mwaka huu mahindi ni mazuri?" aliuliza.

"Wanajua. Ndiyo maana wameandika."

"Sasa si tungewaambia watu ukweli? Kwamba nafasi zimejaa?"

Meneja alicheka kwa huzuni. "Nikimwambia mkulima nafasi zimejaa, atapiga kelele mpaka kwa mkuu wa wilaya. Nikimwambia mahindi yako yana unyevu, atajilaumu mwenyewe, arudi nyumbani. Mtu hagombani na mashine, mama. Mashine haina shemeji." Alijipapasa mfuko. "Usinione mwizi. Sijachukua hata punje. Mimi nimepewa theluthi, natafuta njia ya kuifikisha. Wewe ungefanyaje?"

Kilichomuudhi Mama Bambo ni kwamba alimwamini. Laiti angekuwa mwizi, ingekuwa rahisi zaidi. Mwizi unampigia kelele.

Afisa aliweka kikombe chini. "Huyu ndiye wa bambo?" alimuuliza meneja, kisha akamgeukia mwenyewe. "Mama, nilikuwa nakuita sasa hivi. Kumbukumbu zako nzuri sana. Elimu ndiyo tatizo, hapa imeandikwa hakufaulu darasa la saba, lakini uzoefu unaweza kufidia." Aligeuza karatasi. "Ghala hili lina nafasi moja ya daraja la kwanza. Moja tu, ndivyo nilivyopewa. Meneja amekupendekeza wewe."

"Na Winchi?"

"Nani?"

"Mpagazi mkuu. Kwa nini amepata la tatu?"

Afisa alionyesha kuchoka. "Lazima wawepo wa la tatu, mama. Siwezi kurudi na karatasi haina la tatu. Wataniuliza nilikuja kufanya nini."

Meneja alimsogelea, akanong'ona kama mtu anayemshauri ndugu. "Rudi mezani. Rudisha ile namba. Waambie ulikosea kubonyeza, mashine ikapotea kidogo, mafundi watakuja. Umalize siku, usaini kitabu, kesho una kadi ya matibabu. Mfikirie bi mkubwa nyumbani."

Alimfikiria. Alimwona akivunja kidonge kwa kisu cha jikoni, nusu anakunywa, nusu anairudisha kwenye kijaluba. Alitoka ofisini bila kusema ndiyo wala hapana, miguu ikimbeba yenyewe mpaka mezani.

Foleni iligeuka ilipomwona. Mwalimu alikuwa bado amesimama mahali pale pale, kijitabu mkononi. Nje ngurumo ilipita mbali.

"Wamesemaje?" mzee aliuliza.

Mama Bambo aliketi. Aliangalia huku na huku, akashusha sauti. "Nafasi za daraja la kwanza zimejaa, mwalimu. Mahindi hayana kosa. Nafasi ndizo zimekwisha."

Alitegemea mzee agombe. Mzee hakugomba. Alivua miwani, na bila miwani uso wake ulionekana umezeeka ghafla. Alimtazama usoni.

"Wewe ni binti wa fundi baiskeli," alisema. "Ulikuwa unakaa karibu na dirisha. Hesabu ulikuwa unamaliza kabla sijafuta ubao."

"Nilidhani umenisahau."

"Sura nilikuwa nimeisahau. Hilo neno, nafasi, ndilo limekurudisha." Alivaa tena miwani. "Mwaka wenu shule yetu ilipewa nafasi kumi na moja za kuendelea. Wewe ulikuwa wa kumi na mbili. Alama ulikuwa nazo, mwanangu. Alama ulikuwa nazo za kutosha kabisa."

"Uliandika sikufaulu."

"Mwalimu mkuu alisema kuanzia wa kumi na mbili kwenda chini tuandike hivyo. Wazazi wasije kuuliza."

Winchi aliyekuwa karibu alitazama chini. Miaka thelathini na sita. Mama Bambo aliolewa na neno lile, akazaa nalo, akaingia nalo katika kila mlango alioomba kazi, akiinamisha kichwa kabla hajaulizwa. Kila mtoto wake alipomletea hesabu za shule, alimwambia, mpelekee baba yako, mimi sina akili hizo.

"Unajua nimejiona mjinga miaka mingapi?" aliuliza.

"Najua."

"Hujui. Usiseme unajua."

"Sijui," mzee alikubali. "Nisamehe."

Hakumsamehe. Si pale, si mbele ya watu, huku dereva akipiga honi na mawingu yakishuka. Msamaha wa namna ile hautolewi kama chenji. Lakini alivuta kitabu cha kupokelea nafaka, kile chenye kurasa zenye namba na karatasi ya kaboni katikati, akakifungua.

Mhuri wa daraja ulikuwa kwa meneja, na kilichopigwa mhuri ndicho kilicholipwa. Hilo hakuwa na uwezo nalo. Lakini mwisho wa kila mstari palikuwa na safu ya maelezo. Misimu kumi na tisa alikuwa ameijaza kwa neno moja, Sawa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuisoma. Sasa alikaza kalamu ili kaboni ishike mpaka nakala ya chini, akaandika kwa herufi kubwa: Mahindi makavu, 12.7. Safi. Yamewekwa daraja la pili kwa sababu nafasi za daraja la kwanza zimejaa. Akasaini jina lake lote, lile alilopewa na baba yake. Akachana nakala, akampa.

Mwalimu aliisoma mara mbili. "Hii haitanipa mbolea," alisema.

"Haitakupa."

"Lakini inasema kweli."

"Inasema kweli, ndiyo. Peleka kwa yeyote anayejua kusoma."

Mzee aliikunja mara moja tu, taratibu, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Winchi akaanza kubeba magunia yake saba kuyapeleka kwenye rundo la daraja la pili, na safari hii hakutania. Mwalimu aliyasindikiza kwa macho mpaka la mwisho, kisha akaenda kwa dereva wake.

Aliyefuata alikuwa yule mwanamke aliyekuwa amekalia gunia. Alikuwa amesikia kila kitu. Hata hakungoja bambo.

"Na mimi niandikie, dada. Hata kama ni baya, niandikie ubaya wake."

"Ngoja kwanza nilione."

Halikuwa baya. Akapima, mashine ikiwa kwenye tatu. Akaandika. Aliyefuata yake yalikuwa na unyevu wa kweli, kumi na sita kasoro. Akamwambia hivyo, akaandika hivyo, na mtu yule akaitikia bila ubishi, akasema mke wake alimwonya. Yule wa gamboti akatokea tena, hata hakuwa amefika mbali, akaitoa karatasi yake iliyokunjwa mara nne na kuikunjua mezani. Mama Bambo akapima upya, akaandika maelezo juu ya kitabu na juu ya nakala. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu ulimi na mkono wake vilikuwa vikisema jambo moja, na ajabu ni kwamba kazi ilikwenda haraka zaidi.

Alifika karatasi ya kumi na nne meneja alipotoka tena, mara hii na afisa nyuma yake. Meneja alikivuta kitabu, akasoma safu ya mwisho, akageuza ukurasa, akasoma. Mkono ulipanda mfukoni na kubaki hapo hapo.

"Kurasa hizi zina namba," alisema kwa sauti iliyokauka. "Siwezi kuzichana. Unajua siwezi kuzichana."

"Najua, bosi."

"Unajua umenifanya nini?"

"Najua pia. Hukustahili, lakini na hawa hawakustahili."

Meneja alichukua mashine, akaikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. "Kupima kumefungwa leo. Kesho bambo atalishika mtu mwingine. Wewe utashona magunia mpaka mkataba wako wa msimu uishe." Kisha akawatangazia watu warudi kesho. Foleni ikalipuka. Wengine walipiga kelele, wengine walianza kufunika magunia yao kwa maturubai kwa kuwa matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kugonga bati, na wale kumi na wanne wenye karatasi walisimama pamoja karibu na geti wakisomeana.

Mama Bambo alipangusa bambo kwa upindo wa khanga, akaliweka mezani. Alikuwa akifikiria atakavyoanza kumwambia mama yake.

Afisa wa tai nyembamba hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama na faili, akiwa na haraka ya kuwahi gari kabla barabara haijalowa.

"Mama, nimalize na wewe." Alifungua kalamu, akaandika kitu kimoja kifupi, akamgeuzia karatasi. "Saini hapa."

Alisoma. Kwenye kisanduku mbele ya jina lake paliandikwa: Daraja la Tatu.

"Saa moja iliyopita nilikuwa la kwanza."

"Mambo hubadilika."

"Haya. Niandikie na sababu."

"Sababu gani?"

"Ya la tatu. Kwamba sijui kazi, niandikie sijui kazi. Kwamba nimeandika kweli kwenye kitabu, niandikie hivyo. Au kama nafasi zimejaa, andika zimejaa."

Afisa alitazama karatasi yake juu mpaka chini. "Fomu haina nafasi ya sababu."

"Igeuze. Nyuma ni kweupe."

Kijana akaigeuza, labda kwa mazoea ya kutii mtu mwenye umri wa mama yake. Kweli kulikuwa kweupe, ukurasa mzima. Akamtazama meneja. Meneja, mashine kifuani, alikuwa akitazama mvua. Winchi alishusha gunia la mwisho, akasogea, akakunja mikono. Baadhi ya wale waliokuwa getini wakarudi ndani ya ghala wakiwa wamelowa mabega, karatasi zao wamezifunika kwa viganja, wakasimama nyuma ya Mama Bambo bila kuambiwa.

Mama Bambo alivuta kigoda, akaketi mbele ya afisa, akaweka mikono magotini.

"Andika, mwanangu," alisema. "Mimi nangoja."